Binti yangu ameniandikia makaratasi ya kesi kwa kompyuta. Niyapeleke mahakamani?

BARUA

Bi Wakili, assalaam aleikum.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Kongowea, Mombasa. Mwaka jana mwezi wa Februari meneja wa nyumba ya wageni huko Nyali alikuja akaniagiza vitanda 14, makabati 7 na meza za kulia chakula. Tukakubaliana shilingi 640,000. Hatukuandikiana mkataba. Tulielewana kwa mdomo na mengine kwa WhatsApp: vipimo, rangi, picha za mbao, na bei yenyewe aliiandika yeye kwa mkono wake. Arbuni ya 250,000 iliingia benki kutoka kwa kampuni ambayo jina lake silo lile lililo kwenye kibao cha nyumba ya wageni. Sikujali, pesa ni pesa.

Nilimaliza kazi mwezi wa Mei. Mzigo ulipokelewa na mtu wa stoo, akatia sahihi kwenye kitabu changu. Tangu hapo nazungushwa. Waliwahi kunitumia 40,000 kwa M-Pesa, mafungu mawili, kisha kimya. Nikipiga simu meneja ananiambia, "Fundi, vumilia." Ninao ujumbe wake wa sauti akisema watanimalizia watalii wakianza kuja Desemba. Desemba imepita.

Sitaki kukuficha kitu. Vitanda viwili vilianza kulia baada ya wiki chache, kwenye maungio. Nilikwenda nikavikaza, sikuwatoza senti. Lakini juzi nilipokwenda kudai, meneja alinijibu kwamba kazi yangu ilikuwa mbovu ndiyo maana hawalipi, tena alisema mbele ya wageni na ya vijana wangu wa karakana. Siku ile chakula hakikupita kooni.

Nilimwendea wakili mmoja hapa mjini, ada aliyoitaja ikanitisha. Binti yangu yuko chuo kikuu. Akaniambia siku hizi watu wanajiandikia kesi kwa akili unde kwenye simu. Tuliketi jioni moja, akaieleza ile programu habari zangu, ikatoa kurasa sita za Kiingereza kizuri sana. Inadai 390,000 ya kazi, 500,000 ya kuniharibia jina, 300,000 ya adhabu, na riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Imetaja kesi nne zilizokwisha kuamuliwa na vifungu vingi vya sheria. Mahali pa mdaiwa imeandika lile jina la kwenye kibao. Na kuna sentensi inayosema samani zote zilifika kamili na hazikuwa na kasoro yoyote. Binti anasema nisiguse kitu, ndivyo mawakili wanavyoandika.

Kijana wa saiba ya hapa karibu yuko tayari kuyapandisha kwenye mfumo wa mahakama kwa 3,000, kwa akaunti yake, maana mimi sina barua pepe.

Naogopa mambo mawili. Kwanza, kusimama mbele ya mahakama na karatasi ambayo nusu yake siielewi. Pili, kuonekana mdanganyifu kwa kutumia mashine. Je, inaruhusiwa? Niyapeleke hivyo hivyo, au nikope nimlipe wakili?

Fundi wa Kongowea


JIBU

Waaleikum salaam, fundi.

Pole kwa jasho lililokwama mikononi mwa watu, na pole zaidi kwa maneno uliyoambiwa mbele ya vijana wako. Naanza na hofu yako ya pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kujiandalia makaratasi yako mwenyewe si kosa, na kusaidiwa na kompyuta hakukugeuzi kuwa mdanganyifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 48, inaibebesha serikali wajibu wa kuhakikisha kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, isiwe ya kumzuia. Ukiulizwa mahakamani kama ulitumia mashine, sema ndiyo. Hakuna aibu hapo.

Hofu yako ya kwanza, hiyo ndiyo ninayotaka uishike sana. Usipeleke karatasi hizo kama zilivyo. Kuna mambo kadhaa ndani yake ambayo yangekuangusha, na hakuna hata moja lililotokana na udhaifu wa kesi yako. Kesi yako ni nzuri. Mashine ndiyo iliyoiharibu kwa kuipamba.

Tuanze na mahali pa kuipeleka. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, kisha ikafunguliwa katika miji mingine, Mombasa ikiwemo. Imetengenezwa kwa ajili ya watu kama wewe: muuzaji asiyelipwa, fundi aliyezungushwa, mwenye gari lililogongwa. Unaruhusiwa kusimama mwenyewe bila wakili. Unaweza kueleza mambo yako kwa Kiswahili. Mahakama hiyo haibanwi kikamilifu na kanuni kali za ushahidi zinazotumika kwingine, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu ilipowasilishwa. Lakini ina mipaka miwili inayokuhusu. Haisikilizi dai linalozidi shilingi milioni moja, na haisikilizi kabisa kesi za kuharibiana jina.

Sasa jumlisha alichokuandikia binti yako: 390,000 na 500,000 na 300,000. Ni 1,190,000 kabla ya riba. Dai lako la kweli linaingia katika mahakama hii bila shida na nafasi inabaki. Mashine imelisukuma nje ya mlango kwa kuliongezea fedha ambazo hukuziomba, na katikati ikapachika dai la jina ambalo mwamuzi wa mahakama hiyo hana mamlaka ya kulisikiliza. Nakuelewa, maneno ya meneja yaliuma. Ila ukitaka kuyapeleka mahakamani, hiyo ni kesi nyingine, kwenye mahakama nyingine, na hapo ndipo ningekwambia utafute wakili kwanza. Usiyachanganye na deni lako. Hiyo 300,000 ya adhabu ifute bila kujiuliza mara mbili. Riba ya asilimia 18 nayo, nani aliikubali? Kama hamkuandikiana riba, omba tu riba ambayo mahakama itaona inafaa.

Halafu ile 390,000 si sahihi. 640,000 ukitoa arbuni ya 250,000 inabaki 390,000, kweli, lakini umenieleza walikutumia 40,000 kwa M-Pesa. Deni ni 350,000. Sijui kama binti alisahau kuiambia programu au programu iliipuuza, na mbele ya mwamuzi haitakuwa na tofauti. Wakili wa upande wa pili ataweka ujumbe wa M-Pesa mezani na kuuliza swali moja tu: "Fundi, hizi hukuzipokea?" Kuanzia hapo kila neno lako litapimwa upya, hata yale ya kweli.

Kesi nne zilizotajwa ndizo zinazonitia wasiwasi mkubwa zaidi kama wakili. Programu za mazungumzo za aina hiyo zinatunga maneno yanayoelekea kufuatana. Zinajua jina la kesi linavyokaa, mwaka unavyoandikwa na jaji anavyozungumza, kwa hiyo zinaweza kukutungia kesi ambayo haijawahi kuwepo, ikasomeka kama ya kweli. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa sababu waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT kisha wakazishikilia hata baada ya kuulizwa. Hao walikuwa mawakili. Desemba mwaka huohuo, huko Uingereza, mlipakodi aliyejiwakilisha alipeleka kwenye baraza la kodi hukumu tisa za kumuunga mkono. Zote tisa hazikuwepo. Baraza lilikubali kwamba hakujua ni za kubuni, na bado alishindwa.

Binti yako anaweza kuzikagua hizo nne leo hii bila kulipa chochote. Tovuti ya Kenya Law, inayoendeshwa na Baraza la Kitaifa la Taarifa za Sheria, ina hukumu za mahakama zetu na sheria zote za nchi, wazi kwa kila mtu. Atafute jina, aangalie mwaka, asome kilichoamuliwa. Isiyopatikana ifutwe. Na hata zikipatikana zote, nakushauri uziache. Deni la samani halihitaji kesi nne za kuliegemeza, linahitaji kitabu chako chenye sahihi ya mtu wa stoo.

Nimefika kwenye ile sentensi ya "hazikuwa na kasoro yoyote". Hapa naomba unisikilize kwa makini, na binti yako naye asome.

Hiyo sentensi si yako. Wewe umeniandikia bila kuulizwa kwamba vitanda viwili vililia na ukaenda kuvikaza. Mashine haijui hilo, au iliambiwa ikaona halipendezi. Mtu anaposimama mahakamani na karatasi yenye sahihi yake, kila sentensi ni neno lake, hata kama aliyeipanga ni kompyuta ya ng'ambo. Mwamuzi hataiuliza programu. Atakuuliza wewe, na utakuwa umesimama peke yako pale, mbele ya meneja ambaye anajua fika kwamba vitanda viwili vilirudiwa. Binti anaposema mawakili ndivyo wanavyoandika, nakataa. Wakili anayejua kazi yake angekiweka kitanda kibovu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa maneno yako mwenyewe, kabla mdaiwa hajapata nafasi ya kukitoa kama silaha. Vitanda viwili kati ya 14, vikakazwa bila malipo: hayo yanaonyesha fundi anayesimama na kazi yake.

Tena angalia tarehe. Zile 40,000 zilikuja kabla au baada ya kuvikaza vitanda? Kama zilikuja baada, umeshika kitu kikubwa. Mtu aliyeikataa kazi kwa ubovu haendelei kuilipia mafungu mafungu. Na ule ujumbe wa sauti wa kuahidi Desemba ndio ushahidi wako mzito kuliko wote, kwa sababu ni meneja mwenyewe anakiri deni lipo, wala hataji ubovu wowote. Katika orodha ya yaliyomo kwenye kurasa zako sita sikuuona. Kurasa sita, na ushahidi bora umebaki kwenye simu.

Sitaki uondoke hapa ukidhani naziogopa kompyuta. Mfumo uliotengenezwa vizuri unaweza kumvusha mtu ambaye angekata tamaa mlangoni, na nauombea nchi yetu kwa moyo wote. Kuna aina ya programu iliyo tofauti kabisa na hiyo ya binti yako. Huko Marekani, Chuo cha Sheria cha Chicago-Kent kwa kushirikiana na shirika la CALI kilitengeneza A2J Author. Mawakili na watu wa mahakama wanakaa chini, wanaandika maswali mepesi, moja baada ya jingine: nani anakudai, lini, kiasi gani, una risiti? Mtu anajibu, na majibu yanajaza fomu ileile ambayo mahakama inaitaka. Mahakama za jimbo la New York zina programu za namna hiyo kwa wanaojiwakilisha. Janga la korona lilipofunga majengo ya mahakama mwaka 2020, watu wa Chuo Kikuu cha Suffolk huko Boston waliongoza wafanyakazi wa kujitolea kuzigeuza fomu za mahakama za Massachusetts ziwe maswali ya kujibiwa kwenye simu, wakitumia programu huria ya docassemble iliyoandikwa na wakili, Jonathan Pyle.

Wewe unajua kiolezo cha mguu wa kiti: fundi anakitengeneza mara moja kwa uangalifu, na kila mguu unaopitia hapo unatoka sawa. Programu hizo ndivyo zilivyo. Haziwezi kubuni kesi kwa sababu hazijapewa nafasi ya kubuni. Ukiandika kiasi kinachozidi mpaka, aliyeitengeneza ameshaweka onyo hapo. Kilichobaki wazi ni majibu yako tu.

Kwetu, mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni ulianza Nairobi Julai 2020 na Machi 2024 ukatangazwa kwa nchi nzima. Unapokea makaratasi uliyokwisha kuyaandaa, unakokotoa ada, unakupa nambari ya kesi. Hauketi nawe kukuuliza maswali. Pengo hilo ndilo watu wanalijaza kwa programu za mazungumzo na kwa vijana wa saiba, na linaniuma, kwa sababu anayeumia ni yuleyule aliyeshindwa ada ya wakili. Ahadi za biashara nazo zipo. Kampuni moja ya Marekani, DoNotPay, ilijinadi kuwa na wakili wa roboti. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliibana mwaka 2024 kwa kuahidi isichoweza kuthibitisha, na ikatakiwa kulipa dola 193,000. Kwa hiyo ukiona tangazo la programu inayodai kushika nafasi ya wakili, pita.

Sasa tufanye kazi.

Kesho asubuhi, kabla simu haijaguswa, chukua daftari. Andika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa tarehe: siku aliyokuja meneja, siku mliyokubaliana bei, siku arbuni ilipoingia, siku ya kupeleka mzigo, siku uliyokaza vitanda, siku za M-Pesa, siku ya ule ujumbe wa sauti. Mbele ya kila tarehe andika kinachoithibitisha. Isiyo na karatasi wala ujumbe, andika aliyekuwepo. Hapo ndipo kesi yako ilipo yote.

Madai yenyewe hayahitaji kuzidi haya:

"Mwezi wa Februari mdaiwa, kupitia meneja wake, aliniagiza vitanda 14, makabati 7 na meza za kulia kwa bei ya shilingi 640,000 (kielelezo cha 1, mazungumzo ya WhatsApp). Alilipa arbuni ya 250,000 kupitia benki (kielelezo cha 2). Mwezi wa Mei niliwasilisha samani zote, na mpokeaji wake akatia sahihi (kielelezo cha 3). Vitanda viwili vililegea kwenye maungio, nikavikaza bila malipo. Mdaiwa alinilipa 40,000 zaidi kwa M-Pesa (kielelezo cha 4), na meneja akaahidi kwa ujumbe wa sauti kwamba deni litamalizwa Desemba (kielelezo cha 5). Hadi leo sijalipwa 350,000. Naomba mahakama iamuru nilipwe 350,000, gharama za kesi hii, na riba ambayo mahakama itaona inafaa."

Tia tarehe kamili, basi. Usome kwa sauti mbele ya mkeo. Panapokukwama ulimi, badilisha paendane na unavyosema mwenyewe.

Baada ya hapo mpe binti simu, na sasa mashine inafaa. Aiambie ikupangie maelezo hayo kwenye vichwa vya fomu ya mahakama bila kuongeza jambo, kiasi wala kesi. Kama unataka Kiingereza, itafsiri, kisha binti akusomee sentensi moja moja kwa Kiswahili na wewe uikubali au uikatae. Halafu kuna kazi moja inayoiweza vizuri sana ambayo watu wengi hawaifikirii: aiambie ijifanye wakili wa nyumba ya wageni ikuulize maswali makali. "Kwa nini hukuandika mkataba?" "Mtu wa stoo alikuwa na ruhusa ya kupokea?" "Nani alikwambia meneja anaweza kuahidi pesa?" Jibu kwa mdomo, mara nyingi, mpaka uzoee. Hapo hakuna linaloingia kwenye jalada, na hofu yako ya kusimama itapungua sana.

Asiiwekee programu hiyo nambari ya kitambulisho chako, taarifa yako ya benki wala nambari za simu za watu. Fomu zenyewe zichukue masjala ya mahakama. Makarani hawaruhusiwi kukushauri namna ya kushinda, lakini fomu ipi na hatua ipi inafuata watakuelekeza.

Kuhusu jina la mdaiwa, usipoteze kesi kwa kibao cha barabarani. Arbuni ilitoka kwa kampuni yenye jina jingine, na pengine hiyo ndiyo unayopaswa kuishtaki. Kupitia eCitizen unaweza kuomba taarifa za usajili wa kampuni, ile hati inayoitwa CR12, itakayokuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama lile jina la kwenye kibao ni la biashara tu, lisilo kampuni, basi anayeshtakiwa ni mwenye biashara hiyo. Ukishinda dhidi ya jina ambalo si mtu wala kampuni, utabaki na hukumu isiyo na wa kumkamata.

WhatsApp usiikatekate. Toa mazungumzo yote kuanzia mwanzo, nambari na tarehe zionekane, hata pale uliposema jambo ambalo sasa hulipendi. Simu yenyewe usiibadilishe wala kuiuza mpaka kesi iishe. Ujumbe wa sauti uandikwe neno kwa neno na binti kwa masikio yake. Programu za kuandika sauti zinakosea sana Kiswahili chetu cha mtaani.

Kijana wa saiba mlipe kwa kukuskania na kukupandishia faili, hilo halina neno. Asikuandikie madai kwa malipo, Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka za kesi kwa ada. Na usikubali kabisa akaunti yake. Taarifa za tarehe, majibu ya mdaiwa na kiungo cha kusikilizwa kwa video vinaweza kuishia kwenye barua pepe na simu ya aliyejisajili. Akisafiri au akabadilisha laini, kesi yako inaitwa na wewe uko karakana unapiga randa. Binti akufungulie barua pepe yako leo, kwa nambari yako, na akuonyeshe namna ya kuisoma.

Kabla ya kuwasilisha, wapelekee barua ya madai. Ukurasa mmoja: deni ni 350,000, limetokana na nini, walipe ndani ya siku 14 la sivyo utakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Ipeleke kwa mkono, nakala igongwe muhuri au itiwe sahihi, na uitume kwenye WhatsApp ya meneja pia. Wengi hulipa hapo. Wakitaka kulipa kwa awamu, andikianeni tarehe na kiasi cha kila awamu, mtie sahihi wote.

Usikope kumlipa wakili wa kusimamia kesi hii yote. Ila tafuta mtu wa sheria akusomee makaratasi yakiwa tayari, kabla hujayatia sahihi. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililopo tangu 1973, lina ofisi Mombasa. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Na mawakili wengine hutoza ada ndogo kwa kusoma tu na kukosoa. Mwambie wazi: "Sitaki unisimamie, nataka uniambie nilipokosea." Kama nyumba ya wageni itajibu kwa dai lao dhidi yako, kwamba samani zako ziliwatia hasara ya kiasi kadhaa, rudi kwa huyo mtu wa sheria mara moja, usijibu kwa mashine.

Binti yako mpe shukrani zangu. Aliketi na baba yake jioni nzima kutafuta haki, na kosa la programu si lake. Kazi ya kukagua zile kesi nne namwachia yeye, na ile hesabu ya 350,000 airudie kwa kalamu.

Niandikie tarehe za M-Pesa ukizipata. Nataka kujua zilikuja kabla au baada ya kukaza vitanda.

Wako,
Bi Wakili